Mita au Masikio? Njia Mbili za Kupima Amplifaya, Spika na Hedifoni Kabla ya Kutoa Pesa

Geuza boksi la sabufa ya bei nafuu pale Kariakoo au Luthuli Avenue, aghalabu utakuta maandishi makubwa yanayotaja wati elfu kadhaa za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kwa kitambo kidogo mno. Sasa chungulia adapta iliyomo ndani: volti 12, ampea 3. Zidisha upate wati 36, na huo ndio umeme wote unaoingia. Kama ndani hamna saketi ya kupandisha volti, hesabu inabana zaidi: amplifaya ya volti 12 ikisukuma spika ya omu 4 haivuki wati 18 kwa kila upande kabla mawimbi hayajaanza kukatwa vichwa. Muuzaji naye, ukimuuliza kama sauti ni nzuri, hajibu kwa maneno. Anafungulia mpaka kioo cha kaunta kinatetemeka. Hapo umeletewa mahakimu wawili kwa mpigo, na wote wamehongwa: namba isiyosema ilipimwaje, na sikio lililolewa ukubwa wa sauti.

Ukitoka hapo ukaingia mtandaoni kusoma, ugomvi ni ule ule, umevaa suti tu. Kambi moja inakuonyesha grafu na kukuambia mengine ni njozi. Kambi nyingine inakuambia sauti "ina joto" au "inapumua", na kwamba hakuna mita inayojua hayo. Mgawanyiko huu una umri. Huko Marekani, J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile mwaka 1962 akilalamika kwamba wakaguzi wa wakati ule wanasoma mita badala ya kusikiliza. Harry Pearson akafuata na The Absolute Sound mwaka 1973. Ng'ambo ya pili alisimama Julian Hirsch wa Stereo Review, mtu wa vipimo kwelikweli. Baadaye Stereophile yenyewe ikaanza kuchapisha vipimo vya John Atkinson kando ya maoni ya msikilizaji, na mara nyingine kurasa hizo mbili hupingana waziwazi.

Wanaoshindanishwa, na maswali ya kuwauliza

Kwa "vipimo" tunamaanisha kazi ya mashine. Amplifaya inalishwa mlio safi wa hezi 1,000, kisha kichanganuzi kinaangalia kilichotoka kimeongezewa nini. Spika inawekwa mbele ya maikrofoni iliyosawazishwa na kupigiwa mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000. Hedifoni inavishwa sikio bandia.

Kwa "masikio" kuna namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya ubishi. Kuna kusikiliza huku unakiona kifaa, unajua jina lake na bei yake. Na kuna kusikiliza bila kuona, ukubwa wa sauti ukiwa umelinganishwa. Hii ya pili, ukiitazama vizuri, ni kipimo kamili. Mita yake ni mtu.

Maswali ni matano. Njia hii hunasa kasoro zipi? Zipi hupita? Hudanganyika vipi? Inagharimu nini? Na matokeo yake yatahamia sebuleni kwako, au yatabaki yalikotoka?

Kasoro zinazonaswa

Vipimo havina mpinzani kwa vitu vidogo na vilivyojificha. Muungurumo wa umeme wa hezi 50 na pacha wake wa hezi 100, upande wa kushoto kuzidi wa kulia kwa desibeli 1, DAC (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa sinyali ya umeme) inayopotosha pale tu inapofikishwa kileleni, amplifaya inayoishiwa pumzi ikipewa spika ya omu 4: yote haya huonekana kwenye skrini ndani ya dakika chache. Kwa spika, utaratibu unaoitwa CTA-2034 hupima kutoka pembe 70, kila nyuzi 10 kuzunguka mlalo na wima. Ndiyo maana hauonyeshi tu sauti inayokujia uso kwa uso, unaonyesha pia ile inayogonga ukuta wa pembeni na dari kabla ya kukufikia. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa masikio hawalipendi: mwaka 2004 Sean Olive, akiwa kampuni ya Harman, alichukua vipimo vya namna hiyo vya spika 70 akaunda fomula ya kutabiri alama walizozipa wasikilizaji waliofichiwa spika, na ulingano kati ya utabiri na alama halisi ukafika 0.86, ambapo 1 ni ulingano kamili. Grafu ya spika iliyopimwa kikamilifu inajua mengi kuhusu utakachokipenda.

Sikio hunasa vya aina nyingine. Jalada la wufa, ile spika ya besi, linalochakarika kwenye noti moja tu ya besi. Skrubu iliyolegea nyuma ya boksi. Ule mvumo wa "shhh" wa twita, spika ndogo ya sauti za juu, unaosikika mita moja na kupotea mita tatu. Midomo ya mwigizaji kutangulia maneno yake kwa sababu Bluetooth inachelewesha sauti. Ukitaka kulitumia vizuri kwa kazi hii, piga mlio unaopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 200 kwa sauti ya kawaida, sogeza kichwa karibu na spika, uzunguke mpaka nyuma. Spika nzima hupanda kama lifti. Mbovu hukoroma mahali fulani kisha hunyamaza, na pale ilipokoroma ndipo pa kubonyeza kwa kidole.

Sikio pia hupima uchovu. Spika yenye mwinuko wa desibeli 3 kati ya kilohezi 2 na 5, eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kuliko yote, huvutia kwa dakika kumi na kukera kwa saa mbili. Grafu itauonyesha mwinuko huo. Haitakuambia kama wewe, unayeacha redio ya mazungumzo ikisema mchana kutwa, utauvumilia.

Kasoro zinazopita

Chukua asilimia ya upotoshaji, ile namba inayopambwa kuliko zote kwenye vipeperushi. Amplifaya ya kawaida ya transista hufanya kazi kwa zamu: transista moja inabeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Mkondo wa kusubiri ukiwekwa mdogo mno kiwandani, pale zamu zinapopokezana hubaki kijipengo. Kwenye wati 50 kijipengo hicho kinamezwa, mita inasoma 0.05%. Punguza hadi wati 0.05, ambako muziki wa jioni hukaa muda mrefu. Volti ya wimbi imepungua zaidi ya mara 30, kijipengo kimebaki na ukubwa wake ule ule, na asilimia sasa imevuka 1. Halafu kijipengo chenye kingo kali huzaa harmoniki za mbali, yaani milio ya ziada yenye masafa mara 7 au mara 9 ya noti, ambazo noti yenyewe haina uwezo wa kuzifunika. Unasikia ukakasi, hasa kwenye sauti za waimbaji wa kike na kwenye fidla. Amplifaya ya taa, ile ya mirija ya kioo ya zamani badala ya transista, inaweza kupotosha 1% hiyo hiyo, karibu yote ikiwa harmoniki ya 2 iliyo jirani na noti, na ikasikika nyororo kabisa.

Kwa hiyo mwenye 0.05% kwenye boksi amesikika vibaya kuliko mwenye 1%, na sikio lilikuwa sahihi. Ila mita haikukosea. Iliulizwa swali baya. Omba grafu ya upotoshaji dhidi ya nguvu, inayoanzia milliwati, pamoja na picha ya harmoniki moja moja. Kijipengo kitaonekana.

Mfano wa pili wa swali baya: maabara nyingi hupima amplifaya kwa kipande cha ukinzani cha omu 8 kisichobadilika. Spika halisi haikai omu 8. Inashuka 4 hapa, inapanda 20 pale, kulingana na masafa. Amplifaya ya taa yenye ukinzani wa ndani wa omu 2 hupoteza desibeli 3.5 penye omu 4, na 0.8 tu penye omu 20. Pengo la desibeli 2.7 ni sawa na mtu kuchezea ikwalaiza bila kukuambia. Ndiyo sababu watu wawili wenye amplifaya moja na spika tofauti hubishana mpaka asubuhi, kila mmoja akisema kweli. Mwaka 1985 Bob Carver aliwathibitishia wakaguzi wa Stereophile kwamba hata hili linapimika: alirekebisha amplifaya yake ya transista, akiilinganisha na ya taa iliyokuwa ghali mno, mpaka tofauti ya sinyali zao ikakaribia kufutika. Waliposikiliza, wakashindwa kuzitenganisha.

Sikio kwa upande wake halijui chanzo. Mtu atasema "amplifaya hii haina besi" kumbe waya wa spika moja umegeuzwa, chanya kwa hasi, spika mbili zinasukumana na kufutana chini. Sikio pia halina kumbukumbu ndefu: undani wa sauti hukaa akilini sekunde chache tu, kwa hiyo kulinganisha kifaa cha leo na ulichosikia dukani juzi ni kulinganisha kifaa na hadithi. Linazoea: siku tatu na spika yenye besi iliyovimba, spika ya kawaida inaanza kuonekana imekonda. Linazeeka, na mwenye miaka 50 aghalabu hasikii kitu juu ya kilohezi 13 au 14. Na huamini linasikia lisichosikia. Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha mwaka 2007 jaribio la kupitisha sauti za rekodi za ubora wa juu kwenye kiwango cha kawaida cha CD na kuwauliza watu waseme lini imepitishwa. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554. Sarafu ingefanya hivyo hivyo.

Namna ya kudanganyika

Namba hudanganya kwa kukaa kimya kuhusu masharti. "Hezi 45 hadi 20,000" bila kutaja plasi au minasi desibeli 3 haina maana yoyote, kwa sababu hata redio ya mkulima hutoa kitu fulani kwenye hezi 45, ila kimeshuka desibeli 30. "Desibeli 87 kwa volti 2.83, mita 1" ni kipimo cha haki kwa spika ya omu 8, kwani volti hizo ni wati 1. Kwa spika ya omu 4 ni wati 2, hivyo toa desibeli 3 kabla hujailinganisha na jirani yake. Grafu nayo ina ujanja wake. Ikichorwa kwa kimo cha desibeli 100, hata milima ya Usambara itaonekana tambarare. Tafuta iliyochorwa kwa kimo cha desibeli 50 au chini, isiyolainishwa kupita kiasi. Mlainisho wa oktava nzima hufuta kila kitu ulichokuwa unakitafuta.

Kuna pia mbio za namba zisizosikika. DAC yenye SINAD (pengo kati ya sinyali na jumla ya mvumo na upotoshaji) ya desibeli 120 imepimwa vizuri kuliko ya 100, hilo halina ubishi. Lakini chumba kilichotulia usiku kina mvumo wa desibeli 30 hivi, na muziki mkubwa wa kuumiza ukifika 105, pengo lote ulilonalo ni 75. Ukilipa zaidi kwa hizo 20 za juu, umenunua cheti.

Sikio hudanganywa na macho kwanza. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio la wasikilizaji 40, spika zile zile, mara moja zikiwa nyuma ya pazia na mara nyingine zikionekana. Zilipoonekana, alama zilivutwa na sura na jina. La ajabu zaidi, kuhamisha spika chumbani, jambo lililobadilisha alama vilivyo watu walipokuwa hawaoni, liliwapita walipokuwa wanaona. Hao wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti, watu wa kazi hiyo hiyo.

Pili hudanganywa na ukubwa. Tangu Fletcher na Munson wa Bell Labs mwaka 1933 inajulikana kwamba sauti ikipanda, besi husikika kukua haraka kuliko sehemu ya kati. Kifaa kinachozidi mwenzake kwa desibeli 1 hakisikiki "kikubwa zaidi". Kinasikika kimeshiba zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani kibaya kinajitembeza kwa desibeli 2. Dawa ipo, na kwa amplifaya ni hii:

1. Tengeneza mlio wa hezi 200 kwa programu ya simu au kompyuta. Usitumie kilohezi 10: maltimita za bei rahisi husoma volti za AC vizuri kati ya hezi 50 na 400 tu.

2. Spika ikiwa imeunganishwa, gusisha ncha za maltimita kwenye chanya na hasi yake. Fungulia amplifaya ya kwanza mpaka isome volti 2.00. Hiyo ni nusu wati kwenye omu 8, haina madhara.

3. Hamishia spika kwenye amplifaya ya pili bila kugusa kiwango cha simu au kompyuta, uifungulie mpaka 2.00. Ikiwa kati ya 1.98 na 2.02, uko ndani ya desibeli 0.1. Bandika tepu kwenye kitufe ili asikiguse mtu. Rudia upande wa pili.

4. Msaidizi arushe sarafu kuchagua ipi inapigwa, aandike, asimame usipomwona uso. Fanya mara 16. Kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha kuna nafasi chini ya 4 katika 100. Ukipata 9, bado hujaonyesha kwamba unazitofautisha.

Mahali pa kukosea ni pawili. Maltimita ndogo ya manjano aina ya DT830, iliyojaa kila duka la vifaa vya umeme, ngazi yake ya chini kabisa ya AC ni volti 200, inasoma kwa hatua za 0.1, kwenye volti 2 hiyo ni kosa la karibu desibeli 0.4, na zoezi lote limeharibika. Tafuta yenye ngazi ya volti 2 au 20, mfano DT9205A. Pili, swichi ya kubadilisha amplifaya ikate waya zote mbili, chanya na hasi. Amplifaya nyingi za kisasa hutoa sauti kwenye waya zote mbili, na ukiziunganisha hasi za amplifaya mbili unaweza kuunguza moja kabla hujajua ipi ni nzuri.

Spika huwezi kuzilinganisha kwa volti. Piga kelele ya waridi, ule mvumo kama maporomoko ya maji, weka simu yenye programu ya desibeli mahali unapokaa, usawazishe. Simu haina usahihi wa namba yenyewe, lakini kwa kulinganisha viwili mahali pamoja inatosha. Sikiliza spika moja moja kwa mono. Stereo huficha kasoro. Na uzibadilishane mahali, kwani spika iliyo karibu na kona hupata besi ya bure.

Gharama na muda

Vipimo vya wengine ni bure kusoma, ila vinahitaji mtu awe amekipima kile kifaa, na sabufa nyingi za sokoni kwetu hakuna aliyewahi kuzipima. Kupima mwenyewe amplifaya kwa kina cha maabara aghalabu kunataka kichanganuzi cha maelfu ya dola. Kupima chumba ni rahisi ajabu: programu ya REW ya John Mulcahy ni ya bure, na maikrofoni ya USB kama UMIK-1, inayokuja na faili lake la usawazishaji kwa namba yake ya kiwandani, ni takriban dola 100 kabla ya usafiri. Kujifunza kusoma matokeo ni wikiendi mbili.

Masikio yako umezaliwa nayo, lakini kuyatumia kwa haki kunakula muda. Jaribio la mara 16 ni kama saa moja, na ukichoka majibu yanaoza. Kwa faili za muziki, programu ya kompyuta ya foobar2000 ina kiongezi cha bure cha ABX, yaani jaribio la kutambua X ni A au B, kinachofanya kazi ya msaidizi na sarafu.

Je, matokeo yatahamia kwako?

Amplifaya na DAC huhama vizuri. Kipimo cha maabara ya Ulaya kitakuwa karibu kile kile Mwanza, isipokuwa kwa umeme wenyewe. Ethi mbovu huleta muungurumo ambao kwenye meza ya mpimaji haukuwepo. Na umeme ukishuka jioni kutoka volti 240 hadi 200, amplifaya yenye transfoma la kawaida hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake ya juu.

Spika huhama nusu. Juu ya hezi 250 au 300, grafu yake ya chumba kisicho na mwangwi inakufuata nyumbani. Chini ya hapo chumba ndicho kinachopiga muziki. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye dari ya mita 2.8 kina mtetemo wake wa kwanza kwenye hezi 43, wa upande wa pili 49, wa dari 61, na masafa hayo yanavimba kana kwamba wufa imebadilishwa. Hapa maoni ya mkaguzi aliye Marekani, kwenye nyumba ya mbao na jipsamu, yanapungua uzito: kuta zake huvujisha na kunyonya besi, kuta zetu za tofali za saruji zinairudisha karibu yote. Akikuambia spika "ina besi ya wastani", kwako huenda ikanguruma. Sakafu ya vigae bila zulia nayo huongeza ukali ambao hakuusikia.

Katika eneo hili la chini maikrofoni inashinda sikio. Iweke mahali pa kichwa chako, kama sentimita 100 kutoka sakafuni, pima kila spika peke yake, kisha sogeza spika sentimita 20 na upime tena. Usijaribu kujaza shimo kwa ikwalaiza. Shimo la desibeli 10 linalotokana na mawimbi kufutana linataka nguvu mara kumi, na bado halitajaa. Punguza vilele, mashimo uyaache au usogeze kiti.

Hedifoni huhama vibaya kuliko vyote, ingawa ni rahisi kupima. Sikio bandia huaminika mpaka kilohezi 8 hivi. Juu yake, umbo la sikio lako ndilo linaloamua. Na anayevaa miwani au hijabu chini ya hedifoni ya kufunika sikio huvunja muhuri, besi inavuja, na grafu nzuri ya mtandaoni inakuwa ya mtu mwingine. Ya kuchomeka sikioni haina shida hiyo, mradi kizibo kiwe saizi yake.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Unanunua DAC, waya au amplifaya ya kusukuma spika za kawaida: soma vipimo, hakikisha nguvu imetajwa kwa omu za spika zako na asilimia ya upotoshaji, kisha chagua kwa vitufe, matundu na dhamana. Kusikiliza dukani hapa hakutakuambia kitu ambacho grafu haijasema. Isipokuwa ni amplifaya ya taa. Hiyo isikilize na spika zako mwenyewe, si za muuzaji.

Unanunua spika za sebuleni: vipimo vichuje orodha ibaki spika tatu, masikio yachague moja. Muombe muuzaji azipeleke nyumbani kwa siku mbili ukiweka rehani. Sikiliza sauti ya mtangazaji unayemfahamu kabla ya muziki wowote. Binadamu anayeongea kwenye boksi hujulikana mara moja.

Kifaa chako hakuna aliyekipima, na maikrofoni huna: baki na masikio, lakini yapewe nidhamu. Linganisha ukubwa, leta wimbo wako mwenyewe kwenye waya badala ya Bluetooth, pandisha mpaka kiwango unachotumia nyumbani na si zaidi, na angalia lebo ya umeme nyuma badala ya wati za mbele.

Unafunga vipaza sauti vya msikiti au kanisa: anza na kipimo. Kinaitwa STI, kinapima jinsi maneno yanavyoeleweka, kinakwenda kutoka 0 hadi 1, na chini ya 0.5 maneno yanaanza kupotea. Sikio la muumini halifai kuwa hakimu wa kwanza, kwa sababu anayajua maneno kwa moyo. Atasikia aya nzima hata kama kilichofika ni mwangwi mtupu. Ukikosa kipimo, msomee orodha ya majina na namba asizozitarajia, akiwa safu ya nyuma karibu na nguzo, aandike alichosikia.

Unanunua amplifaya ya mtumba: mita kwanza, hata kabla ya kuunganisha spika. Weka maltimita kwenye volti za DC, washa bila muziki, subiri dakika tano, gusa matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikivuka 100 huenda kuna transista au kapasita inayoelekea kufa, na spika yako ndiyo itakayolipa. Ikifaulu jaribio hilo, unganisha spika ya zamani usiyoihurumia, punguza sauti mpaka karibu na sifuri, zungusha kitufe polepole huku na huku, usikilize mkwaruzo, na uangalie kama upande mmoja unatangulia mwingine kuamka. Kwa mkwaruzo, fundi atanyunyizia dawa ya kusafishia vitufe. Upande unaochelewa ni kitufe cha kubadilishwa, na bei ishuke kabla hujakibeba.